Studio wanataka kuifundisha akili mnemba (AI) kwa sauti yangu. Nisaini?

Swali: Shikamoo kaka. Ninaingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki hapa Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa sita na nimeshavuka vipindi mia tisa. Nalipwa kwa kipindi. Wiki iliyopita studio walituletea mkataba mpya wenye kipengele hiki: "Msanii anaipa Kampuni haki ya kudumu, isiyobatilika na inayohamishika, duniani kote, ya kutumia rekodi zote za sauti yake, zilizopo na zijazo, kwa matumizi yoyote, ikiwemo kufundishia na kuboresha mifumo ya kiteknolojia iliyopo au itakayobuniwa." Nyongeza yake ni laki tatu, mara moja tu. Meneja anasema hiyo ni lugha ya wanasheria, nisijali, na kwamba wakati tunausoma nirekodi sentensi mia mbili "za majaribio". Wenzangu watatu wameshasaini. Nisaini? Na kwa ukweli wako, kazi hii ina miaka mingapi mbele yake?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usisaini kipengele hicho kama kilivyo. Mkataba uliobaki huenda hauna ubaya, ila hicho kimoja kimebeba kitu ambacho studio hawajawahi kukununulia hata siku moja, na wanakitaka kwa bei ya posho.

Kisome tena polepole, kalamu mkononi. "Zilizopo na zijazo" maana yake hawaongelei kazi ya kesho tu, wanarudi nyuma kuchukua miaka yako sita ambayo ulilipwa kwa jambo jingine kabisa. "Isiyobatilika" maana yake ukijutia, jutia kimyakimya. "Inayohamishika" maana yake studio ikiuzwa au ikifilisika, sauti yako inaondoka pamoja na viti na vipaza sauti, na mwenye mali mpya humjui. Halafu "matumizi yoyote". Hapo weka tangazo la kamari, dawa za nguvu za kiume, au mgombea usiyeweza kumpigia kura hata kwa bakora.

Nikupe kisa changu ili uone tofauti. Miaka ya nyuma, kabla sijahamia upande wa mitambo, nilirekodi salamu za simu za kampuni moja. "Karibu. Kwa Kiswahili, bonyeza moja." Nikalipwa mara moja, basi. Kwa miaka tisa kila nilipowapigia kulalamika nilipokelewa na mimi mwenyewe, nikijiambia kwa upole niendelee kusubiri. Niliona nimepunjwa, na kweli nilipunjwa. Lakini ile rekodi ilikuwa na sentensi kumi na nne, na haikuweza kamwe kutamka ya kumi na tano. Mashine iliyofundishwa kwa sauti yako hutamka hata usichowahi kukirekodi. Wanachokuomba wewe ni hiyo ya kumi na tano, na ya milioni moja, bila wewe kuwepo chumbani.

Usidhani nakutisha. Marekani kuna waigizaji wa sauti wawili, Paul Lehrman na Linnea Sage, mtu na mkewe. Walipata kazi ndogondogo mtandaoni kupitia Fiverr. Mmoja alilipwa dola 1,200, mwingine dola 400, na wanasema waliambiwa rekodi zao ni za utafiti na hazitatoka hadharani. Katikati ya 2023 walikuwa ndani ya gari wanasikiliza podikasti, na mada ya siku hiyo, kwa kejeli ya dunia hii, ilikuwa akili mnemba na Hollywood. Mashine iliyokuwa ikihojiwa ikaanza kujibu kwa sauti ya Lehrman. Mei 2024 walifungua kesi New York dhidi ya kampuni ya Lovo, inayouza sauti za mashine. Julai 2025 jaji aliyatupa baadhi ya madai yao, akaruhusu mengine yaendelee, hasa yale yanayotegemea sheria za jimbo hilo za kumlinda mtu na matumizi ya sauti yake bila idhini. Nenda tena kwenye barua yako, kwenye lile neno "majaribio". Nitalirudia mwishoni.

Sasa, kwa nini studio ya Dar es Salaam ihangaike na sauti yako? Hapa ndipo wasanii wengi wanapojidharau. Mashine za kuongea Kiingereza zimeshiba. Za Kiswahili bado zina njaa. Kipo Kiswahili cha kutosha cha kusomwa: taarifa za habari, mahubiri, na sentensi ambazo watu wa kujitolea wamezisoma kwa simu zao kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla. Ni kazi njema sana ile, nami nimeichangia. Ila ni watu wanaosoma. Hakuna anayelia, hakuna anayemnong'oneza mpenzi huku mama mkwe yuko jikoni, hakuna anayegombana huku pumzi zimekatika. Wewe unafanya hayo kila siku, mbele ya kipaza sauti kizuri, ndani ya chumba kisicho na mwangwi, na kila sentensi uliyotamka ina maandishi yake kwenye skripti, yamepangwa kwa dakika na sekunde. Piga hesabu: ukiweka dakika sita tu za sauti yako kwa kila kipindi, vipindi mia tisa ni saa tisini. Saa tisini za Kiswahili cha kuigizwa, cha mtu mmoja, safi, kimeshalinganishwa na maandishi. Aliyetaka kuanza kukirekodi leo angelipa studio, mhandisi, mwongozaji na msanii kwa miezi mingi. Wewe unaambiwa laki tatu.

Ndiyo maana nasema studio wasikuchanganye. Kuna vitu viwili mezani na wanataka uvione kimoja. Kimoja ni siku yako ya kazi, na hiyo umekuwa ukiiuza miaka yote. Kingine ni koo lako, yaani uwezo wa kutengeneza siku za kazi ambazo wewe hukwenda. Siku iuze, hiyo ni riziki. Koo likodishe, tena kwa mkataba wake peke yake na bei yake peke yake, au lisikodishwe kabisa.

Kuhusu miaka iliyobaki, sitakudanganya ili ulale vizuri. Sehemu ya kazi hii inaondoka, na kwingine imeshaondoka. Sauti za matangazo madogo, maelekezo ya video za mafunzo, wahusika wa kupita wanaosema "bosi, gari limefika", hizo usizihesabu kwenye mipango ya ada za watoto. Machi 2025 Amazon walitangaza kujaribu kuingiza sauti kwa msaada wa akili mnemba kwenye kazi 12 za Prime Video, huduma yao ya filamu mtandaoni, kwa Kiingereza na Kihispania cha Amerika ya Kusini. Baadaye mwaka huohuo wakaweka sauti za Kiingereza za mashine kwenye katuni za Kijapani, watazamaji wakazicheka na kuzikasirikia mpaka zikaondolewa. Wenzangu walishangilia. Mimi sikushangilia sana, maana kilichochekwa kilikuwa ubovu wa sauti, na ubovu wa sauti hurekebishika.

Midomo nayo imeshaguswa. Kampuni ya Flawless ina programu inayobadilisha mdomo wa mwigizaji ulingane na maneno mapya. Kwenye filamu moja ya 2022 matusi zaidi ya thelathini yaligeuzwa kuwa maneno ya heshima bila kurudia kupiga picha, ili filamu ipate daraja la kuonwa na vijana. Mei 2025 filamu ya Kisweden ilionyeshwa kwenye kumbi za Marekani ikizungumza Kiingereza kwa njia hiyohiyo. Ila walioingiza Kiingereza ni waigizaji wenyewe wa Kisweden, kwa sauti zao, ndani ya studio. Mashine ilishughulikia midomo tu. Mfano huo uweke akilini, utakufaa kwenye mazungumzo.

Kisichoondoka haraka ni kile unachokifanya bila hata kukiita kazi. Chukua hao Waturuki wako. Dada wa mume wao humwita *görümce*. Dada wa mke ni *baldız*. Mke wa kaka ni *yenge*. Kiingereza kinawatupa wote watatu kwenye gunia moja. Mifumo mingi ya tafsiri hupitia Kiingereza kabla ya kufika kwetu, kwa hiyo *görümce* huingia gunia akiwa na jina lake na hutoka upande wa pili akiwa "shemeji". Sasa hebu mwanamke wa Kiswahili amwite dada wa mumewe shemeji mbele ya watazamaji wa Tandale uone! Huyo ni wifi. Na tamthilia nzima imesimama juu ya ugomvi wa wifi na mke. Kiswahili na Kituruki vilikuwa vinaelewana hapo moja kwa moja, aliyeharibu ni dalali wa katikati. Hali ni hiyohiyo kwa *sen* na *siz*: Mturuki ana "wewe" ya mtu wa rika lako na "wewe" ya heshima. Kiingereza kinazifuta zote mbili, na mashine haiwezi kujua kwamba hapo kijana alipaswa kuanza na shikamoo, au kumwita yule mzee "baba" ingawa hakumzaa.

Na midomo. Kituruki mama ni *anne*, mdomo haufungi hata mara moja. Chetu "mama" kinafunga mara mbili. Kamera ikiwa usoni kabisa, mtu anayeandaa skripti analisogeza neno mpaka pale mwigizaji anapogeuka. *Tamam* inafunga mdomo, ukiweka "sawa" inaonekana uongo, ukiweka "vyema" inakaa. Mambo haya mnayafanya kwa sikio na jicho, na mara nyingi anayeyafanya hata halipwi kama mwandishi. Nikiwa wewe ningeanza kujifunza upande huo sasa: kuandaa skripti, kuongoza wasanii wengine, kukagua kazi iliyotoka kwenye mashine. Mtu wa kusema "hii siyo shemeji, ni wifi" atahitajika muda mrefu kuliko mtu wa kusema "bosi, gari limefika".

Niongeze jambo, nisije nikaonekana mzee anayechukia umeme. Mimi mwenyewe natumia akili mnemba kila wiki. Muuzaji wa nje anapotuma tamthilia bila rekodi ya muziki na sauti za mandhari iliyotenganishwa na maneno, zamani tulikuwa tunarekodi upya kila mlio: milango, nyayo, vijiko. Leo programu inachomoa maneno ya Kituruki na kuacha muziki na mlango. Inaokoa siku tatu. Sina ugomvi na chombo.

Kazi hii yetu haikuanza jana, na imewahi kufika mbali kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya "Doudou na Mama Wakwe Zake" ilirushwa TBC ikiwa na sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwa jina. Wale waliosikika wakisema Kiswahili kile hawakutajwa. Tumezoea kutotajwa. Ndiyo maana vipengele kama hicho chako vinatufikia tukiwa tumelala.

Swali ambalo hukuuliza, lakini kipengele chako kimelijibu kwa niaba yako: ukifa je? "Ya kudumu" haina kaburi. Ufaransa, Alain Dorval alikuwa sauti ya Sylvester Stallone kwa karibu miaka hamsini, Wafaransa hawamjui Stallone mwingine. Alifariki Februari 2024. Januari 2025 kampuni ya ElevenLabs ikatangaza kwamba sauti yake itafufuliwa kwa filamu mpya ya Stallone. Binti yake, Aurore Bergé, ambaye wakati huo alikuwa waziri kwenye serikali ya Ufaransa, akajibu hadharani kwamba familia ilikubali jaribio tu, na kwamba hakuna kitakachotoka bila ridhaa yao. Neno "jaribio" tena, umeliona? Mexico, Julai 2025, wasanii wa sauti waliandamana baada ya taasisi ya uchaguzi ya nchi hiyo kutumia sauti ya mwenzao José Lavat, aliyefariki 2018, iliyoigwa kwa akili mnemba, kwenye video ya TikTok. Binti wa Dorval alikuwa waziri, akasema dunia ikasikia. Wewe mwanao atasema nini, na nani atampa kipaza sauti?

Sasa njoo kwenye kuandika. Usiende kwa meneja kusema "sitaki". Nenda na maneno mbadala, maana mtu mwenye karatasi husikilizwa kuliko mwenye malalamiko. Ningeandika hivi:

"Msanii anairuhusu Kampuni kutumia rekodi za sauti yake katika tamthilia iliyotajwa kwenye Jedwali la Kwanza pekee. Kampuni haitatumia rekodi hizo, wala haitamruhusu mwingine yeyote kuzitumia, kufundishia mfumo wa akili mnemba au kutengeneza sauti inayofanana na ya Msanii, isipokuwa kwa mkataba tofauti wa maandishi utakaotaja kazi husika, muda, nchi, malipo kwa kila matumizi, na haki ya Msanii kusikiliza na kukataa kabla ya kurushwa. Kampuni haiwezi kuihamishia ruhusa hii kwa mwingine, na Msanii akifariki haki ya kukubali au kukataa inabaki kwa warithi wake."

Sikuyabuni haya kutoka hewani. Waigizaji wa Marekani kupitia chama chao cha SAG-AFTRA waligoma siku 118 mwaka 2023, na walichotoka nacho ni kwamba nakala ya kidijitali ya mwigizaji inahitaji ridhaa yake, maelezo mahususi ya itatumikaje, na malipo. California ikapitisha sheria Septemba 2024: kipengele cha nakala ya kidijitali kinachochukua nafasi ya kazi ambayo mtu angeifanya mwenyewe hakina nguvu kama matumizi hayakuelezwa kwa umahususi na msanii hakuwa na mwanasheria wala chama upande wake. Sheria hiyo haikufiki wewe Dar es Salaam, lakini mantiki yake inasafiri. Kipengele chako, ukikisaini bila mwanasheria wala chama, kule kingeweza kuanguka kwa neno "yoyote".

Huku kwetu una nini? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawatambua waigizaji kuwa na haki kwenye rekodi za kazi zao, ila iliandikwa wakati tishio kubwa lilikuwa kaseti bandia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa maoni yangu ndiyo silaha yako bora, kwa sababu sauti inayokutambulisha ni taarifa yako, na iliyotolewa kwa kusudi moja haigeuzwi kusudi jingine kimyakimya. Wakenya wako wazi zaidi: sheria yao ya 2019 inataja utambuzi wa sauti kwa jina, kwenye fungu moja na alama za vidole na uchunguzi wa retina, sehemu ya ndani ya jicho. Na Kamishna wao wa ulinzi wa taarifa ana meno. Septemba 2023 aliipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Picha ya mteja aliyekwenda kuburudika! Fikiria sauti ya mtu aliyekuwa kazini. Kabla hujajibu studio, mpelekee mwanasheria nakala ya mkataba, na uliza COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Saa moja ya mwanasheria ni nafuu kuliko kujutia kipengele hicho maisha yako yote.

Kwa rekodi za zamani, tafuta mikataba yako ya miaka sita. Nina hakika haitaji akili mnemba popote. Kunyamaza kwa mkataba si kukubali kwako. Waandikie studio barua fupi ya heshima kwamba rekodi hizo zilitolewa kwa tamthilia zilizotajwa humo, na kwamba huruhusu zitumike kufundishia mfumo wowote. Peleka kwa mkono, ipigwe muhuri wa kupokelewa, baki na nakala.

Hao watatu waliosaini usigombane nao. Mmoja ana kodi ya nyumba, mwingine alisoma kurasa mbili za mwanzo akachoka. Kaa nao, waambie kuhusu zile saa tisini, kila mmoja apige hesabu yake. Studio inaweza kumbadilisha msanii mmoja katikati ya tamthilia, watazamaji wakanuna wiki mbili wakazoea. Haiwezi kubadilisha sauti ya mama, ya mwana, ya wifi na ya mlinzi kwa siku moja wakati kipindi kinaruka Jumatatu saa mbili usiku. Mkienda wanne na karatasi moja, mtasikilizwa. Wakikataa kabisa, uliza bei ya koo ni ngapi kwa mwaka mmoja, tamthilia moja, nchi moja. Jibu watakalotoa litakuonyesha wao wenyewe wanaithamini vipi.

Na hizo sentensi mia mbili za majaribio. Usizirekodi. Januari 2023 Microsoft walionyesha mfumo unaoiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde tatu tu. Sentensi mia mbili ni dakika kumi na tano au zaidi, na nina uhakika ukiziangalia utakuta zimepangwa kwa ujanja: "ng'ombe", "ghali", "dhahabu", "thelathini", maswali, mshangao, namba. Hiyo siyo orodha ya kumpima msanii mwenye vipindi mia tisa. Wakikuuliza kwa nini, waambie kwa adabu kwamba utazirekodi siku ile ile mkataba utakaposainiwa pande zote mbili, na siyo dakika moja kabla. Wakikwambia wanazihitaji leo, omba uzione kwanza kwenye karatasi, nitumie picha yake, nami nitakwambia kila sentensi imewekwa pale kutafuta nini.